Mpenzi wako ni raia wa Ulaya, ndoa bado: mipaka inawatazamaje?

Swali hili haliishi kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waafrika Mashariki walioko Ulaya na wanaotaka kwenda: "Mpenzi wangu ni Mjerumani, hatujafunga ndoa. Tunataka kwenda Hispania wiki mbili. Nahitaji viza?" Majibu humiminika. Mmoja anaapa kwamba ukiongozana na raia wa Umoja wa Ulaya viza ni bure na hawawezi kukunyima. Mwingine anasema usijidanganye, bila cheti cha ndoa wewe ni mtalii tu. Wa tatu, ambaye kadi yake ya ukaazi iko mfukoni na keshapita nchi kadhaa bila viza, anashangaa watu wanabishania nini.

Wote watatu wanaweza kuwa wakweli. Kosa lao ni moja: kila mtu anaisimulia karatasi aliyonayo kana kwamba ndiyo sheria ya wote. Ukweli ni kwamba mapenzi yenu, hata yawe ya miaka kumi, hayavuki mpaka yenyewe. Kinachovuka ni karatasi, na swali la kwanza kabisa ni karatasi hiyo imetolewa na nani, chini ya sheria ipi.

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane maneno.

Umoja wa Ulaya, au EU, ni nchi 27. Schengen ni eneo la nchi 29 ambazo zimekubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka iliyo kati yao. Watu wengi huvichanganya, na haishangazi, kwa sababu nchi nyingi zimo kote kuwili. Lakini Ireland imo EU na haimo Schengen. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo Schengen na hazimo EU. Croatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023. Bulgaria na Romania zikakamilisha safari yao tarehe 1 Januari 2025. Uingereza haimo popote kati ya hapo, na tangu mwisho wa mwaka 2020 sheria za EU za kusafiri hazifanyi kazi huko.

Raia wa EU ni yeyote mwenye uraia wa mojawapo ya nchi hizo 27. Hapa wengi huwaza mzungu, lakini anaweza kuwa mzaliwa wa Bukavu aliyepata uraia wa Ubelgiji, au Mkenya mwenye pasipoti mbili, ya kwao na ya Italia, maana Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu. Sheria haiulizi rangi wala alikozaliwa.

Halafu kuna maneno mawili ambayo ndiyo moyo wa makala hii: mwanafamilia na mwenza.

Sheria inayohusika ni Agizo la EU namba 2004/38, la mwaka 2004, linalosimamia haki ya raia wa EU kwenda na kuishi katika nchi nyingine za Umoja huo pamoja na jamaa zake. Kifungu chake cha 2 kinamtaja mwanafamilia: mume au mke, watoto walio chini ya miaka 21 au wanaotegemea, na wazazi wanaotegemea. Yumo pia mwenza aliyesajiliwa rasmi serikalini, lakini kwa sharti ambalo tutalirudia. Mpenzi ambaye hamjafunga ndoa hayumo katika orodha hiyo. Yeye anaonekana chini kidogo, kwenye kifungu cha 3, ambako anaitwa mwenza ambaye raia wa EU ana uhusiano wa kudumu naye, uhusiano uliothibitishwa ipasavyo. Kuhusu huyu, Agizo linasema nchi "itawezesha" kuingia na kuishi kwake, kwa kufuata sheria za nchi yenyewe.

Tofauti kati ya vifungu hivyo viwili ni kama ya mtoto wa nyumbani na mgeni. Mwanafamilia ni mtoto wa nyumbani. Anasukuma mlango na kuingia. Mwenza anapiga hodi. Mwenye nyumba haruhusiwi kujikausha ndani kana kwamba hajasikia: sharti atoke, amsikilize, amhoji, na kama hamkaribishi, amweleze kwa nini. Lakini kumkaribisha si lazima.

Hivyo ndivyo Mahakama ya Haki ya EU ilivyolitafsiri neno hilo "kuwezesha" katika kesi ya Rahman, tarehe 5 Septemba 2012. Ilisema nchi hazilazimiki kukubali kila ombi la watu wa kundi hili. Hata hivyo zinalazimika kuwapa nafuu fulani kuliko mgeni yeyote tu, kuchunguza kwa kina hali ya kila mmoja, na kutoa sababu za kukataa. Ukikataliwa kwa sentensi moja isiyoeleza kitu, hapo sheria imevunjwa. Ukikataliwa kwa sababu zilizoelezwa, zenye mantiki, huenda hujaonewa hata kama roho inauma.

Sharti wanalolisahau wengi

Agizo hili linafanya kazi pale raia wa EU anapokwenda au kuishi katika nchi isiyo yake. Mjerumani anayeishi Hispania, au anayekwenda likizo Ugiriki, analindwa nalo. Mjerumani aliyeko Ujerumani, kwao, yuko chini ya sheria ya Ujerumani.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka juu chini. Chukua binti wa Moshi ambaye mpenzi wake ni Mholanzi, wote wanataka kuishi Amsterdam. Kwa kuwa Mholanzi yuko kwao, sheria ya Uholanzi ndiyo inayotawala. Uholanzi inawakubali wapenzi wasiooana, lakini binti atatakiwa kufanya mtihani wa lugha na maisha ya Kiholanzi akiwa bado Tanzania, na mwenzake ataonyesha kipato cha kutosha. Sasa mpe binti huyohuyo mpenzi Mjerumani anayefanya kazi Amsterdam. Mtihani hauhusiki tena, maana Mjerumani yuko ugenini na anakuja na haki zake za EU. Yaani mgeni anamleta mwenza wake kwa urahisi kuliko mwenyeji. Waholanzi wenyewe wameligundua siku nyingi. Wapo wanaohamia ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji, wakaishi huko na wenza wao chini ya sheria ya EU, kisha wakarudi nao nyumbani. Njia hiyo ina jina kabisa: njia ya Ubelgiji.

Mbelgiji mwenye asili ya Kongo anayeishi Brussels na anayetaka kumleta mpenzi wake kutoka Bukavu asipoteze muda kunukuu Agizo la 2004. Yuko kwao. Ubelgiji ina masharti yake kwa watu wake, na hayo ndiyo atakayopimwa nayo.

Na kurudi je? Tuseme raia ameishi nchi nyingine ya EU na mwenza wake, kisha anarudi nchini kwake. Hapo kuna kesi inayotugusa Waafrika moja kwa moja, ya Banger, iliyoamuliwa tarehe 12 Julai 2018. Mwanamke wa Afrika Kusini aliishi na mpenzi wake Mwingereza, kwanza Afrika Kusini, kisha Uholanzi, ambako alipewa kadi ya ukaazi. Walipohamia Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa bado EU, alikataliwa kwa sababu hawakuwa wameoana. Mahakama ikasema nchi ya raia anayerudi nayo inabanwa na wajibu uleule wa kuwezesha, kama ingekuwa ya kigeni. Haikusema lazima akubaliwe. Ilisema lazima achunguzwe kwa haki na aelezwe.

"Kudumu" ni muda gani?

Agizo halitaji miaka, kwa hiyo kila nchi imejipimia. Hispania inataka mwaka mmoja mfululizo wa kuishi pamoja kama mke na mume, isipokuwa mkiwa na mtoto, au mkiwa mmesajiliwa kama wenza. Ureno, ambako kuishi pamoja bila ndoa kunatambuliwa kisheria baada ya miaka 2, inaupima uhusiano kwa kipimo hicho. Ubelgiji ina hesabu yake ya kuvutia kwa wale wanaosajili kuishi pamoja: ama muwe mmeishi pamoja mwaka mzima, ama muwe na mtoto, ama muwe mmejuana angalau miaka 2, mkiwasiliana mara kwa mara na mkiwa mmeonana mara 3 katika kipindi hicho, kwa jumla ya siku zisizopungua 45. Watunga sheria walikaa chini wakahesabu siku za mapenzi. Nadhani ni afadhali kuliko kuachia afisa aamue kwa macho. Ujerumani nayo ilichelewa: wenza wa aina hii waliwekewa kifungu chao kwenye sheria yake Novemba 2020.

Muda peke yake hauwezi kuwa kipimo pekee. Mwongozo wa Kamisheni ya Ulaya unasema nchi ikiweka idadi ya miaka, bado inapaswa kuangalia mambo mengine, kwa mfano wawili waliokopa pamoja kununua nyumba. Mtu hakopi mkopo wa miaka ishirini na mpenzi wa msimu.

Basi ni ushahidi gani una uzito? Watu hujaza bahasha kwa picha. Picha za Nungwi, picha za Diani, picha za harusi ya binamu. Zinasaidia kidogo, lakini picha inathibitisha kwamba mlikuwa sehemu moja siku moja. Mkataba wa pango wenye majina yote mawili unasema zaidi ya picha mia. Vivyo hivyo bili za umeme na maji kwenye anwani moja, akaunti ya benki ya pamoja, bima ya afya inayomtaja mwenza. Kwa wale ambao wameishi Afrika Mashariki, barua ya serikali ya mtaa inayoeleza kwamba wawili hawa wanaishi nyumba fulani tangu mwaka fulani ni ushahidi mzuri ukitafsiriwa na mtafsiri anayetambulika. Taarifa za M-Pesa zinazoonyesha mkituma na kupokea pesa za kodi na karo kwa miaka pia zinaeleweka, kwa sababu zina tarehe na hazibembelezi. Mihuri ya pasipoti na tiketi za ndege huonyesha nani alimfuata nani na alikaa muda gani. Kama mmoja aliwahi kuoa au kuolewa, hati ya talaka ni ya lazima. Uhusiano wa kudumu unaotambuliwa hapa ni wa watu wawili.

Uchumba, kwa upande mwingine, hauna uzito wowote wa pekee. Pete, posa, hata barua kutoka kwa wazee kwamba mahari imepokelewa kwa sehemu, vinaonyesha nia. Sheria inatafuta uhusiano uliokwisha kuwapo na kuishi.

Huenda mmeoana bila kujua, au hamjaoana mkidhani mmeoana

Makundi yote mawili yapo kwetu, na yanapoteza muda kwenye foleni isiyo yao.

Waliofungishwa nikahi au ndoa ya kanisani Tanzania, na ndoa ikasajiliwa, ni mume na mke. Kwa kanuni ya jumla ndoa halali mahali ilipofungwa inatambuliwa kwa ajili ya Agizo, hata kama hapakuwa na bomani wala suti. Nimeona watu wakijiita wapenzi kwa sababu tu hawajafunga ndoa ya serikali ya Ulaya. Ukiwa na cheti cha ndoa kilichosajiliwa, acha kabisa mlango wa wenza; wewe ni mwanafamilia. Angalizo ni la mke wa pili: nchi za EU hazilazimiki kuitambua ndoa ya mitara.

Kundi la pili ni wanaosema, "tumeishi miaka miwili, sheria inatuhesabu kuwa tumeoana." Ni kweli kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana na jamii kama mume na mke. Lakini ni dhana, na dhana inaweza kupingwa. Huletwa mahakamani, mara nyingi pakiwa na ugomvi wa mali au matunzo. Haitoi cheti. Kenya nako, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra sana. Afisa wa viza hawezi kufanya kazi ya hakimu. Ajabu yake ni kwamba miaka hiyohiyo miwili, ambayo haikufanyi mke mbele ya ubalozi, ndiyo ushahidi mzuri wa kwamba wewe ni mwenza wa kudumu. Itumie kwa jina lake la kweli.

Kuna na wale wa katikati, waliosajili uhusiano wao Ulaya bila kufunga ndoa. Uholanzi imekuwa na usajili wa wenza tangu 1998, Ufaransa ina mkataba wake uitwao PACS tangu 1999. Agizo linawahesabu waliosajiliwa kuwa wanafamilia ikiwa tu nchi wanayokwenda nayo inaufanya usajili huo sawa na ndoa. Wawili waliosajiliwa Uholanzi wakihamia Bulgaria au Slovakia, ambako usajili wa aina hiyo haupo, wanashuka daraja njiani na kuhesabiwa kama wenza wa kawaida. Hakuna kibao barabarani kinachowaambia hivyo.

Mtego wa fomu ya viza

Turudi kwa yule wa likizo ya wiki mbili Hispania. Wakenya, Watanzania, Waganda, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo wote wanahitaji viza ya Schengen kwa safari fupi. Mke au mume wa raia wa EU anayekwenda naye nchi isiyo ya raia huyo anapata viza bila malipo, kwa utaratibu wa haraka, na haombwi kuonyesha tiketi ya kurudi wala barua ya mwajiri. Mwenza asiyeoana hana ahadi hiyo ya bure. Anaweza kutozwa ada ya kawaida, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, na kuombwa nyaraka zote, pamoja na bima ya safari ya angalau euro 30,000.

Mtego wenyewe si ada. Ni kwamba ombi la mtalii na ombi la mwenza yanataka mambo yanayopingana. Mtalii anapimwa kwa swali moja: atarudi? Kwa hiyo anaonyesha kazi, shamba, watoto, duka. Mwenza anapimwa kwa swali jingine: uhusiano huu ni wa kweli? Kwa hiyo anaonyesha mapenzi. Sasa mtu anajaza fomu kama mtalii halafu anabandika barua ndefu ya mpenzi wake inayosema hawawezi kuishi mbali. Afisa akiisoma kwa macho ya utalii, barua hiyo inamwambia kitu kimoja tu: huyu harudi. Karatasi ambayo ingekuwa nguzo katika ombi la mwenza imegeuka kuwa sababu ya kunyimwa.

Kwa hiyo amua kabla ya kushika kalamu. Kama unakwenda likizo na uhusiano bado mchanga, omba kama mgeni anayetembelea rafiki: mwaliko, udhamini, sababu za kurudi, na ukweli kuhusu uhusiano ukiulizwa. Usiufiche, kudanganya kwenye fomu ya viza ni kujifungia mlango kwa miaka. Kama uhusiano ni wa muda mrefu na una ushahidi, na mwenzako anasafiri kwenda nchi isiyo yake, sema wazi kwenye barua ya maombi kwamba unaomba kama mwenza chini ya kifungu cha 3, aya ya 2 ya Agizo 2004/38, na upange ushahidi hivyo. Mhudumu wa kwenye kituo cha kupokelea maombi pengine atakwambia kifungu hicho hakijui. Yeye kazi yake ni kupokea bahasha. Anayeamua ni ubalozi. Mwambie aipokee ilivyo.

Tulipitia jambo hili kwa wingi wakati wa Uviko. Mwaka 2020 nchi za Ulaya zilifunga mipaka, zikawaruhusu wanandoa, na wapenzi wasiooana wakaachwa nje kwa miezi. Ilichukua kelele nyingi mitandaoni kabla nchi moja moja hazijalegeza. Ujerumani ilifanya hivyo Agosti 2020, kwa masharti ya kuthibitisha kwamba waliwahi kuonana ana kwa ana. Wengi walijifunza wakati ule kwamba mbele ya sheria "mpenzi wangu" lilikuwa neno lisilo na makazi.

Kadi inayobadilisha kila kitu

Mwenza akishakubaliwa na nchi anayoishi na raia wake wa EU, anapewa kadi ya ukaazi ya mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya. Kuanzia hapo hodi imeitikiwa. Akisafiri na raia huyo, au akimfuata, kwenda nchi nyingine ya EU, hahitaji viza: anabeba pasipoti na kadi, basi. Huyo ndiye yule wa tatu kwenye grupu aliyeshangaa watu wanabishania nini.

Lakini iangalie kadi kwa karibu, maana zipo zinazofanana rangi na ukubwa. Ile ya EU huandikwa juu yake maneno yanayotaja mwanafamilia wa EU pamoja na "Art 10 DIR 2004/38/EC". Ikiwa ni ya kudumu, namba ni 20 badala ya 10. Kama kadi yako haina maandishi hayo, kwa mfano ulipewa kwa sababu unaishi Uswidi na Mswidi wako chini ya sheria ya wapenzi wanaoishi pamoja, una kibali cha ukaazi cha kitaifa. Si kibaya: ndani ya Schengen kinakuruhusu kutembea siku 90 katika kila siku 180, hata ukiwa peke yako. Ila hakikupeleki Ireland bila viza.

Anayeijua tofauti hii vibaya mara nyingi si afisa uhamiaji wa Ulaya bali mfanyakazi wa shirika la ndege. Fikiria kaunta ya kupima mizigo Nairobi au Dar es Salaam saa nne usiku. Mhudumu anafungua pasipoti, hakuti stika ya viza, anageuza kurasa tena. Unampa kadi, anaisoma mbele na nyuma, anamwita msimamizi. Wana sababu ya kuogopa: shirika linalomleta abiria asiye na karatasi sahihi hupigwa faini inayoweza kufikia maelfu ya euro. Suala hili lilifika mpaka Mahakama ya EU katika kesi iliyohusu Ryanair, tarehe 18 Juni 2020. Shirika lilitozwa faini Hungary kwa kumsafirisha Mukraine kutoka London hadi Budapest akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu bila viza. Mahakama ikasema kadi hiyo inatosha, na hata kule kutolewa na nchi isiyo Schengen hakuipunguzii kitu. Ukiwa na safari ya aina hii, fika mapema na uwe na mwenzako pale pale kaunta ikiwezekana, au tiketi yake inayoonyesha anakusubiri upande wa pili.

Wakongo wanaobadili ndege Ulaya wana jambo lao la ziada. Raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa wanaohitaji viza ya kupita uwanja wa ndege katika nchi zote za Schengen, hata wasipotoka nje ya eneo la abiria. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen amesamehewa. Mwenza asiye na kadi bado, asitegemee kusamehewa.

Halafu kuna dhana kwamba ndani ya Schengen hakuna anayekuuliza kitu. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tarehe 16 Septemba 2024. Uholanzi ikafuata Desemba mwaka huohuo. Polisi hupanda treni na kuuliza. Kupiga picha pasipoti kwenye simu hakutoshi. Beba yenyewe, na kadi yenyewe. Na tangu 12 Oktoba 2025 mfumo mpya wa kielektroniki umeanza kuwasajili wageni wa muda mfupi kwa alama za vidole na sura badala ya muhuri. Wenye kadi za ukaazi hawasajiliwi humo, lakini mwenza anayeingia kwa viza ya kawaida anasajiliwa, na siku zake 90 zinahesabiwa na mashine isiyosahau.

Hata mwenye kadi asidhani ameukamata uraia. Kadi ya Hispania haimpi haki ya kuhamia Ubelgiji na kuishi. Akitaka kuhama na mwenzake, Ubelgiji itauchunguza uhusiano upya kwa vipimo vyake. Wakitengana kabla hawajaoana, msingi wa kadi unatetereka, maana kinga ambazo Agizo linawapa wanandoa wakiachana hazimfuniki moja kwa moja mwenza huyu. Kama kuna mtoto mwenye uraia wa EU anayelelewa naye, hadithi ni nyingine na yafaa apate wakili kabla ya kusaini chochote.

Ukikataliwa, viza au kadi, omba sababu kwa maandishi ikiwa hazimo kwenye barua, na angalia siku za kukata rufaa. Huandikwa kwenye barua yenyewe na huwa chache. Ikiwa tatizo ni ofisi ya nchi ya EU kutofuata sheria ya EU, raia wa EU au mwenza anaweza kuandika kwa SOLVIT, huduma ya Umoja wa Ulaya iliyo na ofisi katika kila nchi mwanachama na isiyotoza hata senti. Haisimamishi saa ya rufaa, kwa hiyo andika kwao na kata rufaa kwa wakati mmoja.